Kitunguu, kakao, chai, chungwa au choya: ipi inafika kweli kwenye ukuta wa mshipa wa damu?

Ukiweka luteolini, moja ya flavonoidi (kemikali za mimea zilizomo kwenye mboga, matunda, chai na kakao), kwenye sahani ya maabara yenye seli za mshipa wa damu, kisha ukazichokoza seli hizo kwa kichochezi cha mwako, luteolini hufanya kazi ya kusifika: seli zinatulia. Ukiweka epikatechini ya kakao kwenye sahani ya jirani, matokeo huwa hafifu. Toka maabara uingie jikoni, mambo yanapinduka. Kwa binadamu anayetembea, kakao na kitunguu ndivyo vyenye ushahidi mzito, huku luteolini ikiwa bado imeegemea sahani na panya. Anayenunua unga au kidonge kwa kuwa kimeandikwa "hupunguza mwako wa mishipa" anaweza kupoteza fedha zake, kwa sababu hajaambiwa kimepunguza wapi, kwa kiasi gani na kikiwa katika umbo lipi.

Neno mwako hapa ni ile hali ambayo wengine huiita inflamesheni au uvimbe wa ndani kwa ndani. Kwenye mshipa wa damu hakivimbi kitu cha kugusika. Ni ukorofi wa kimyakimya unaokaa miaka.

Kinachotokea kwenye bitana ya mshipa

Kila mshipa, kuanzia ule mkuu utokao moyoni hadi kapilari, umefunikwa ndani kwa tabaka moja tu la seli, kama bitana ndani ya koti. Tabaka hilo ni endotheliamu. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba ateri iliyokwanguliwa bitana haitanuki inapopewa asetilikolini, ilhali ateri yenye bitana yake inatanuka. Kilichokuwa kinatoka kwenye bitana kilikuja kutambuliwa kuwa gesi ya nitriki oksidi, na kazi hiyo ikampa Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Bitana yenye afya hutoa gesi hiyo muda wote. Mshipa unalegea, na chembe za damu zinateleza bila kunata.

Sukari iliyopanda, moshi wa sigara, presha na kolesteroli ya LDL iliyooksidishwa huleta vichochezi kama TNF-alfa. TNF-alfa hushika kipokezi chake juu ya seli. Ndani ya seli, kimeng'enya IKK hukiwekea fosfeti kizuizi kinachoitwa IκB, kizuizi hicho kinavunjwa, na NF-κB, protini inayowasha jeni za mwako, iliyokuwa imefungwa inaachiwa kuingia kwenye kiini. Huko inawasha jeni za VCAM-1, ICAM-1 na E-selektini. Hizi ni protini za kunatisha: zinatokeza juu ya seli kama ndoana na kunasa monositi, aina ya chembe nyeupe, zinazopita kwenye damu. Monositi hupenya chini ya bitana, hugeuka makrofaji, hujaza tumbo kwa LDL, na hapo ndipo utando wa mafuta kwenye ateri unapoanzia.

Flavonoidi nyingi huingilia mnyororo huu, hasa pale kwenye IKK na NF-κB. Ila haziingilii kwa nguvu sawa, na umbo la molekuli linaeleza mengi. Luteolini, apijenini na kwesetini (ile ya kitunguu) zina bondi pacha kati ya kaboni ya 2 na ya 3, pamoja na oksijeni kwenye kaboni ya 4. Bondi hiyo huifanya molekuli kuwa bapa, ikaweza kujipenyeza kwenye mfuko wa kimeng'enya. Epikatechini ya kakao, katechini za chai na hesperetini ya chungwa hazina bondi hiyo. Kwa hiyo kwenye sahani kundi la kwanza hushinda karibu kila mara.

Kwa nini mshindi wa sahani hashindi mwilini

Majaribio mengi ya seli hutumia maikromola 10 hadi 50 za flavonoidi kwa lita. Damu ya mtu aliyekula haifiki huko. Mfano ulio wazi zaidi ni wa kotimiri (kotimiri yenyewe, si giligilani), ambayo imejaa apijenini. Watu 11 walipewa gramu 2 za kotimiri kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 hapo anakula gramu 140, mafungu kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kilele cha apijenini kwenye damu yao kilikuwa wastani wa nanomola 127 kwa lita, baada ya saa 7 hivi. Hiyo ni chini ya maikromola 0.13, karibu mara 80 pungufu ya dozi ndogo inayotumika kwenye sahani.

Kiasi ni nusu tu ya tatizo. Utumbo na ini huzibandika flavonoidi asidi ya glukuroniki, salfeti au kikundi cha methili kabla hazijaenea mwilini. Kwesetini iliyo huru karibu haionekani kwenye damu; kinachozunguka ni kwesetini iliyofungwa. Ukizipa seli ile iliyofungwa badala ya ile huru, nguvu ya kuzuia ICAM-1 na E-selektini hushuka sana au hutoweka.

Hata hivyo kuna mlango wa nyuma. Mahali penye mwako, makrofaji zina kimeng'enya beta-glukuronidasi, ambacho hukata ule mfungo na kuiachia kwesetini papo hapo. Kwesetini-3-glukuronidi imeonekana ndani ya makrofaji kwenye ateri za binadamu zilizoharibika. Kwa hiyo kwesetini husafiri ikiwa imefungwa na huweza kufunguliwa panapowaka. Epikatechini nayo haitegemei sana kuzima NF-κB: husaidia bitana itoe nitriki oksidi zaidi, na epikatechini safi, ikitolewa peke yake, imetanua ateri kwa namna ileile ya kakao.

Zilipokutanishwa uso kwa uso

Majaribio yanayopima flavonoidi mbili safi kwa watu walewale ni machache, na ndiyo yenye thamani kubwa kwa anayechagua. Moja, lililofanyika Australia kwa wanaume 12 wenye afya, lilimpa kila mmoja, kwa siku tofauti, miligramu 200 za kwesetini, za epikatechini au za EGCG, ile katechini maarufu ya chai ya kijani. Kwesetini na epikatechini zilipandisha alama za nitriki oksidi na kushusha endothelini-1, homoni inayobana mishipa. EGCG haikufanya hivyo.

La pili lilifanyika Uholanzi kwa watu 37 wenye presha iliyopanda au inayokaribia kupanda. Kwa wiki 4 walimeza miligramu 100 za epikatechini kwa siku, au miligramu 160 za kwesetini-3-glukosidi, au kidonge kitupu. Zote mbili zilishusha E-selektini inayoelea kwenye damu, kiasi cha nanogramu 7 kwa mililita. Kwesetini ikaongeza kushusha IL-1 beta, kichochezi kingine cha mwako, na alama ya jumla ya mwako. Kipimo cha kutanuka kwa ateri hakikubadilika kwa kiwango cha kuaminika.

Kwa maoni yetu hapo ndipo picha inapojitenga vizuri: anayelenga mwako wenyewe aanze na kwesetini, anayelenga mshipa ulegee aangalie epikatechini. Machungwa, chai na choya vinafuata, kila kimoja na mahali pake.

Kitunguu chekundu

Kitunguu chekundu kibichi kina kwesetini ya takribani miligramu 30 hadi 40 kwa gramu 100. Ile dozi ya Uholanzi ni sawa na kwesetini tupu ya miligramu 100 hivi, yaani gramu 250 hadi 300 za kitunguu: viwili vikubwa au vitatu vya wastani. Ni kingi kwa mlo mmoja, lakini kwa siku nzima, kachumbari mchana na mchuzi jioni, mtu anafika.

Umbo la kwesetini ndilo linalokipa kitunguu heshima. Humo imeshikana na glukosi, na utumbo mwembamba una vimeng'enya vya kukata glukosi hiyo hapohapo. Kwa watu waliopasuliwa na kuondolewa utumbo mpana, ambao kwao ufyonzaji hupimika kwa usahihi, kwesetini ya kitunguu ilifyonzwa asilimia 52, ile huru asilimia 24, na rutini safi, yaani kwesetini iliyoshikana na sukari mbili, asilimia 17. Kilele cha kitunguu huonekana kabla saa moja haijaisha. Rutini husubiri bakteria wa utumbo mpana na kufika saa 6 hadi 9 baadaye. Anayelinganisha chupa mbili dukani, moja ya rutini na moja ya kwesetini, akumbuke tofauti hiyo.

Makosa ni ya jikoni. Kwesetini imejaa kwenye matabaka ya nje, na mtu anayemenya ganda kavu pamoja na tabaka mbili nene anatupa sehemu bora. Toa ganda kavu tu. Kitunguu kikichemshwa, sehemu ya kwesetini huhamia kwenye maji, hivyo mchuzi ni salama ila kuchemsha na kumwaga ni hasara. Kukikamua kwa chumvi na kukiosha mara tatu ili kisiwashe huondoa sehemu nyingine. Suuza mara moja, haraka, au kilainishe kwa ndimu. Kukaanga hadi rangi ya dhahabu hakuna neno. Kikiwa cheusi, umekiunguza pamoja na dawa yake. Mafuta kidogo kwenye mlo husaidia kufyonza.

Kakao

Hapa ushahidi ni mwingi, na udanganyifu wa bidhaa ni mwingi vilevile. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliridhia mwaka 2012 kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao (epikatechini na jamaa zake) kwa siku husaidia mishipa kutanuka. Kwa unga maalumu wa kakao wenye flavanoli nyingi hizo ni gramu 2.5 tu.

Tatizo ni alkali. Viwanda vingi hutibu kakao kwa kabonati ya potasiamu ili rangi ikolee na uchungu upungue. Vipimo vya unga wa madukani Marekani vilionyesha flavanoli wastani wa miligramu 34.6 kwa gramu kwenye kakao isiyotibiwa, 13.8 kwenye iliyotibiwa kidogo, 7.8 kwa kiasi cha kati, na 3.9 kwenye iliyotibiwa sana. Vijiko viwili vya chakula, kama gramu 10, vinakupa miligramu 346 au 39 kutegemea mkebe ulioshika. Soma viungo: ukiona E501, kabonati ya potasiamu, au maneno ya kuashiria kakao imetibiwa kwa alkali, uache kwa kazi hii. Rangi inasaidia pia. Isiyotibiwa huwa ya kahawia hafifu yenye wekundu, na ni chachu kidogo mdomoni. Iliyotibiwa sana ni nyeusi, laini, haina ukali. Unga wa chokoleti ya kunywa usihesabiwe kabisa, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni sukari.

Walio karibu na wakulima wa Kyela (Tanzania) au Bundibugyo (Uganda) wana nafasi nzuri: punje zilizokaushwa, zikakaangwa kwa moto mdogo na kusagwa nyumbani, hazijapita kwenye alkali. Bado kuchachusha na kukaanga hupunguza epikatechini, hivyo usikaange hadi punje ziwe nyeusi.

Kosa moja halijulikani sana, na linasikitisha kwa kuwa hufanywa na watu wanaojitahidi: kusaga kakao pamoja na ndizi mbivu kwenye blenda. Ndizi ina kimeng'enya polifenoli oksidasi, kilekile kinachoigeuza ndizi iliyokatwa kuwa ya kahawia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, waliokunywa kinywaji cha ndizi chenye flavanoli walikuwa na flavanoli kwenye damu pungufu kwa asilimia 84 kuliko walipomeza kidonge chake. Zilipungua hata vilipoliwa pamoja bila kusagwa pamoja, maana kimeng'enya huendelea na kazi tumboni. Kula ndizi wakati mwingine.

Kuhusu ukubwa wa faida, tuseme ukweli. Jaribio kubwa la Marekani, COSMOS, liliwapa watu 21,442 dondoo la kakao lenye miligramu 500 za flavanoli (80 kati yake epikatechini) au kidonge kitupu kwa miaka 3.6 hivi. Matukio yote ya moyo na mishipa kwa ujumla yalipungua asilimia 10, kiwango ambacho kitakwimu kinaweza kuwa bahati. Vifo vya moyo na mishipa vilipungua asilimia 27, ila hicho hakikuwa kipimo kikuu cha jaribio. Ni sababu nzuri ya kunywa kakao, na sababu dhaifu ya kuacha dawa.

Chai

Chai nyeusi ina ushahidi wake: wagonjwa wa ateri za moyo huko Boston walikunywa mililita 900 kwa siku kwa wiki 4, na ateri zao zikatanuka vizuri zaidi. Swali la Afrika Mashariki ni maziwa. Jaribio la Berlin la mwaka 2007, kwa wanawake 16, lilionyesha kwamba mililita 500 za chai nyeusi zilitanua ateri, na maziwa ya asilimia 10 tu yakaifuta faida hiyo. Maelezo yaliyotolewa ni kasini ya maziwa kushikana na katechini. Majaribio mengine hayakukubaliana, kwa hiyo haijawa hukumu. Lakini chai yetu ya maziwa huwa nusu kwa nusu na huchemshwa pamoja, mbali sana na ile asilimia 10. Anayeinywa kwa ajili ya mishipa afanye kikombe kimoja au viwili kwa siku viwe vya chai ya rangi, ile ambayo wengine huiita strungi, bila sukari, na aibakize ya maziwa kwa raha yake.

Chai ya kijani inapendwa kwa EGCG, kikombe kimoja kikiwa na kama miligramu 50 hadi 100. Kumbuka jaribio la Australia kabla ya kulipa bei maradufu. Kenya ina aina ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ambayo huongeza anthosianini (flavonoidi zenye rangi nyekundu hadi zambarau) kwenye katechini. Ni chaguo zuri kwa anayependa ladha yake.

Chai huzuia madini ya chuma ya mboga na nafaka kufyonzwa. Mjamzito au mtu mwenye upungufu wa damu aiweke saa moja mbali na mlo.

Chungwa

Hesperidini ya chungwa, yaani hesperetini ikiwa na sukari zake, huonekana dhaifu kwenye sahani. Kwa wanaume 24 wenye uzito wa kuzidi, hata hivyo, mililita 500 za maji ya chungwa kwa siku (miligramu 292 za hesperidini) kwa wiki 4 zilishusha presha ya chini, na hesperidini peke yake ndani ya kinywaji kingine ikafanya vivyo hivyo. Kwa wenye sukari na mafuta yaliyovurugika, miligramu 500 kwa siku kwa wiki 3 zilitanua ateri na kushusha E-selektini na CRP, protini ya damu inayoonyesha mwako. Kilele chake huchelewa, saa 5 hadi 7, kwa sababu bakteria wa utumbo mpana ndio huikata sukari yake. Mtu aliyetoka kumaliza dozi kali ya antibiotiki asitegemee mengi kwa muda.

Hesperidini hukaa kwenye utando mweupe na kuta za vipande. Kwa hiyo menya kwa mkono na ule chungwa lenyewe. Juisi iliyochujwa imeacha nyingi kwenye chujio na imebaki na sukari. Mwenye kisukari asinywe ile nusu lita.

Balungi ni habari nyingine kabisa. Lina vitu vinavyozuia kimeng'enya CYP3A4 cha utumbo, na dawa kama simvastatini, felodipini na nifedipini hupanda kwenye damu kupita kiasi. Ukiwa kwenye dawa hizo, balungi liache.

Choya

Choya, au rosela, ni chaguo la presha zaidi kuliko la mwako. Watu 65 wenye presha ya kupakana au iliyopanda kidogo walikunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6: kila kikombe gramu 1.25 za choya kavu kwenye mililita 240 za maji yaliyochemka, ikiachwa dakika 6. Presha ya juu ilishuka wastani wa milimita 7.2 za zebaki, dhidi ya 1.3 kwa waliokunywa kinywaji cha kuigiza.

Kichocheo hicho kifuate kama kilivyo. Desturi ya kuitokosa choya nusu saa ili itoe rangi yote huharibu anthosianini, ambazo hazivumilii moto mrefu. Sufuria ya aluminiamu haifai, kwani asidi yake huila aluminiamu. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, ya enameli au birika la kioo. Sukari ya vikombe vitatu vya juisi ya choya kama inavyouzwa mtaani inaweza kuleta mwako kuliko choya inavyouondoa. Suuza mdomo kwa maji baada ya kunywa, asidi hula meno. Mjamzito asiitumie kama dawa, na aliye kwenye dawa za presha apime presha kila siku wiki mbili za kwanza, isije ikashuka mno.

Kwa mtazamo mmoja

| Chaguo | Flavonoidi | Kilele kwenye damu | Kiasi kwa siku | Kinachoharibu |
|---|---|---|---|---|
| Kitunguu chekundu | kwesetini | chini ya saa 1 | gramu 250–300 | kumenya sana, kuchemsha na kumwaga |
| Kakao isiyotibiwa | epikatechini | saa 2 hivi | gramu 6–10 | alkali, ndizi, sukari |
| Chai ya rangi | katechini na wenzake | saa 2 hivi | vikombe 2–4 | maziwa mengi |
| Chungwa zima | hesperidini | saa 5–7 | machungwa 2–3 | kuchuja |
| Choya | anthosianini | saa 2 hivi | vikombe 3 vya gramu 1.25 | kutokosa, sukari |

Mwenye kisukari achukue kitunguu na kakao isiyo na sukari. Mwenye presha ya kupakana ambaye bado hajaanzishiwa dawa aanze na choya, aongeze kitunguu. Mwenye upungufu wa damu aiweke chai mbali na mlo. Mtu asiye na tatizo, anayetaka kitu kimoja asichokisahau, achague kitunguu, kwa sababu kipo tayari kwenye kila sufuria.

Soya na deidzeini yake tumeiacha nje kwa makusudi: matokeo yake hutegemea kama bakteria wa utumbo wa mtu huyo huigeuza deidzeini kuwa ekwoli, na wengi hawana bakteria hao.

Vidonge

Kwesetini ya miligramu 730 kwa siku kwa siku 28 ilishusha presha ya juu kwa milimita 7 kwa wenye presha ya hatua ya kwanza. Dozi za chini ya miligramu 500 hazijaonyesha mshuko wa kutegemewa kwa wengi. Anayetumia warfarini au siklosporini asiiguse bila daktari wake. Kwa dondoo la chai ya kijani, miligramu 800 za EGCG kwa siku na zaidi zimehusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Kunywa chai hakukuleta shida hiyo.

Vidonge vya diosmini miligramu 450 na hesperidini 50 ni flavonoidi pia, na huandikwa hospitali kwa vena za miguu zilizolegea, viwili kwa siku, na kwa bawasiri inayouma. Havijakusudiwa ateri. Mwenye miguu inayovimba jioni kwa sababu ya vena hizo anavihitaji kuliko unga wowote uliotajwa hapa.

Kwa anayechagua flavonoidi ya kupima kwenye seli

Ukitaka flavonoidi ya kulinganishia inayozima NF-κB kwa uhakika, chukua luteolini au apijenini. Ukitaka swali lenye maana kwa mlaji, nunua kwesetini-3-glukuronidi na uitumie kwa maikromola 0.5 hadi 2, ni ghali lakini ndiyo inayozunguka kwenye damu. Seli za vena ya kitovu zisihamishiwe sahani mpya zaidi ya mara 5 au 6, maana hupoteza tabia. TNF-alfa nanogramu 10 kwa mililita inatosha. Soma E-selektini saa 4 hadi 6, ICAM-1 saa 16 hadi 24. Yeyusha flavonoidi kwenye kiyeyushi DMSO kwa milimola 50 kwa lita. Maikrolita 1 kwenye mililita 2 hukupa maikromola 25 na DMSO asilimia 0.05, chini ya ile 0.1 inayoanza kuleta wasiwasi. Seli za kulinganisha zipewe DMSO hiyo hiyo.

Mitego mitatu huangusha kazi nyingi. EGCG na kwesetini huoksidika ndani ya kimiminika cha kuoteshea na kutoa peroksidi ya hidrojeni, ukadhani unapima flavonoidi kumbe unapima peroksidi. Weka kundi lenye katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi hiyo. Flavonoidi zenyewe hubadilisha rangi ya MTT, kipimo cha uhai wa seli, bila seli yoyote, kwa hiyo seli zilizokufa huonekana hai. Pima visima visivyo na seli, au tumia njia nyingine ya kuhesabu uhai. Na dondoo la mmea, hasa majani yaliyoanikwa chini, hubeba endotoksini ya bakteria ambayo yenyewe huwasha NF-κB. Lipime kabla hujalisema kwamba "linachochea mwako".

Utajuaje kama inakusaidia

Presha ipime nyumbani asubuhi kabla ya kula na jioni, mara mbili kila kipimo, umekaa dakika 5, kwa siku 7 kabla ya kuanza na siku 7 baada ya wiki 6. Badilisha kitu kimoja tu. Kwa mwako omba CRP ya kipimo nyeti: chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ya kati, juu ya 3 kubwa. Usipime ukiwa na mafua, jino bovu, kidonda au umetoka kuugua malaria. Kipimo kinaweza kupanda kupita 10 na hakitakuambia lolote kuhusu mishipa. Subiri angalau wiki mbili baada ya kupona, upime tena, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia.